Uzi: Georges Méliès, fundi wa kiinimacho cha mkanda, na hesabu zilizomfilisi

Mkanda35 (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo. Kila mara mtu akipachika humu ile picha ya mwezi wenye roketi jichoni, hadithi inayofuata ni ile ile: kamera ilikwama, Mfaransa akagundua uchawi wa sinema kwa bahati, halafu wezi wa Marekani wakamfilisi. Nusu yake si kweli na nusu nyingine imepindishwa. Uzi huu ni wa Georges Méliès mwenyewe: alifanya nini, kwa vifaa gani, na kwa nini biashara ilikufa.

Alizaliwa Paris tarehe 8 Desemba 1861. Baba yake alikuwa na kiwanda cha viatu vya kifahari, na huko ndiko Georges alikozoea mashine. Mwaka 1884 alipelekwa London kikazi, jioni zake akazimalizia Egyptian Hall, ukumbi wa mazingaombwe wa Maskelyne. Mwaka 1888 aliwauzia kaka zake hisa yake ya kiwanda, akanunua Théâtre Robert-Houdin pale boulevard des Italiens. Ulikuwa ukumbi mdogo wa viti kama 200, lakini jukwaa lake lilikuwa limejaa milango ya sakafuni, nyaya na vioo. Kwa hiyo kabla hajagusa kamera alikuwa na miaka saba ya kuendesha kiwanda cha kudanganya macho.

Tarehe 28 Desemba 1895 alikuwa ndani ya Grand Café, mashine ya ndugu Lumière ya picha zinazotembea ilipoonyeshwa. Alimwahidi baba yao, mzee Antoine Lumière, faranga 10,000 ili auziwe, akakataliwa. Akavuka kwenda London, akanunua projekta ya Robert W. Paul, na kwa msaada wa mafundi wawili muundo wake ukageuzwa kuwa kamera. Anayeshangaa hilo liliwezekanaje akumbuke kwamba kwa enzi ile projekta na kamera ni ndugu wa tumbo moja: zote zinavuta mkanda hatua moja, zinausimamisha nyuma ya lenzi, kisha zinavuta tena. Moja inatoa mwanga, nyingine inaingiza.

Mkanda wenyewe aliununua London ukiwa haujatobolewa matundu ya pembeni, ikabidi afanyiwe mashine ya kutoboa. Tundu likikaa vibaya hata kidogo, picha inacheza juu na chini ukutani. Kamera ilipiga kelele kiasi kwamba yeye mwenyewe aliifananisha na kinu cha kahawa. Mwaka 1896 akaanza kupiga filamu, na chapa yake akaiita Star Film.

KijanaWaKamera

Mkuu Mkanda35, kwa hiyo ile hadithi ya Place de l'Opéra ni uongo? Basi la farasi likageuka gari la maiti?

Mkanda35

Hadithi aliisimulia mwenyewe, kwenye makala yake ya 1907: mkanda ulikwama kama dakika moja, na ulipoonyeshwa basi likageuka gari la maiti na wanaume wakawa wanawake. Siwezi kusema haikutokea. Ila hila hiyo ilikuwapo tayari. Kampuni ya Edison ilishaitumia 1895 kwenye filamu ya kukatwa kichwa kwa Mary Stuart: mwigizaji analala, kamera inasimama, linawekwa sanamu, shoka linashuka. Alichofanya Méliès ni kuitoa kwenye tukio moja na kuifanya lugha ya filamu nzima.

Anza na Escamotage d'une dame ya 1896, namba 70 kwenye katalogi yake. Mwigizaji wake Jehanne d'Alcy anakaa kitini, anafunikwa kitambaa, anatoweka, badala yake inatokea mifupa ya binadamu. Jukwaani hila hii ilihitaji mlango wa sakafuni, uliofichwa chini ya gazeti lililoandaliwa maalumu. Kwenye filamu gazeti bado limetandikwa sakafuni, ingawa halina kazi tena. Anamwonyesha mtazamaji anayeijua hila ya zamani kwamba njia hiyo imefungwa.

Shangazi Projekta

Hapo umegusa, ila umeishia mlangoni. Kusimamisha kamera peke yake hakutoshi, na ndiyo maana wengi wakijaribu wanapata mruko mbaya.

Kamera ya kuzungushwa kwa mkono haisimami palepale, wala haianzi kwa kasi kamili. Mwendeshaji akipunguza mkono, fremu za mwisho zinakaa wazi kwa muda mrefu kuliko zile za kabla, zinapata mwanga mwingi, na ukutani zinatokea kama mmweko mweupe. Akianza upya, yale yale. Halafu binadamu hagandi kama jiwe: bega linashuka, pazia linapepea, moshi unaendelea na safari yake. Ukiacha hivyo, hata mtoto anaona pameunganishwa.

Watafiti waliochunguza mikanda yenyewe, si picha tu ya ukutani, walikuta kwamba kwenye hila hizi karibu kila mara pana kiungo cha gundi. Méliès alisimamisha, akabadilisha, akaendelea kupiga. Kisha kwenye negativu, yaani mkanda wa awali unaotolewa nakala, akakata fremu mbovu za pande zote mbili na kuunganisha pale mwendo wa mwili unapofanana. Jicho linafuata mkono unaoshuka, kwa hiyo halioni kilichobadilika. Huo ni uhariri, tena wa fremu kwa fremu, miaka mingi kabla ya vitabu kusema uhariri umeanza. Wanaomwita mtu wa jukwaa asiyejua kukata mkanda hawajautazama mkanda.

KijanaWaKamera, ukitaka kuifanya kwa simu:

Funga simu kwenye stendi nzito, na stendi uibandike sakafuni kwa utepe. Funga fokasi na mwanga visijirekebishe, la sivyo programu itabadilisha mwanga mtu akitoka na hila itaumbuka. Chora kwa chaki mahali pa miguu ya kila anayebaki kwenye picha. Usizime kurekodi, acha iendelee wakati mnabadilisha. Kabla ya kubadilisha, mwigizaji afanye mwendo mkubwa na wa haraka, mfano kupiga makofi au kushusha kitambaa, kisha agande mwisho wa mwendo. Baada ya kubadilisha, waliobaki waanzie nyuma kidogo na kurudia mwisho wa mwendo ule ule. Ukikata, kata katikati ya mwendo, si kwenye kuganda. Na usipige siku yenye mawingu yanayopita: kivuli kikibadilika kati ya vipande viwili hakuna gundi itakayokuokoa.

KijanaWaKamera

Shikamoo shangazi, na asante sana. Na zile za kichwa kuongezeka? Mle mtu yuleyule yupo mara nne kwenye picha moja.

Shangazi Projekta

Marahaba. Hiyo ni Un homme de têtes ya 1898. Siri yake ni weusi. Kwenye negativu, sehemu nyeusi kabisa haipati mwanga, kwa hiyo inabaki bikira. Unapiga mara ya kwanza mbele ya pazia la mahameli nyeusi, unarudisha mkanda mwanzo ukiwa gizani ndani ya kamera, unapiga tena na mtu akiwa upande mwingine. Kichwa kinachokaa peke yake mezani ni mtu aliyevikwa nguo nyeusi kuanzia shingoni, na mwili usio na kichwa ni mtu aliyefunikwa kichwa kwa kitambaa cheusi.

Ugumu upo kwenye kuhesabu. Kamera nyingi za wakati ule zilivuta fremu 8 kwa mzunguko mmoja wa mkono, yaani mizunguko miwili kwa sekunde ikupe fremu 16. Mwendeshaji anahesabu kwa sauti, na mwigizaji anapangilia mwendo wake kwa hesabu hiyo, maana wenzake anaopaswa kuwatazama ni yeye mwenyewe ambaye ama ameshapigwa au bado. L'Homme-orchestre ya 1900 ina wanamuziki saba na wote ni Méliès. Le Mélomane ya 1903 anavirusha vichwa vyake juu ya nyaya viwe noti za muziki. Kosa la mara ya saba linaharibu na sita za kabla, kwa sababu zote ziko kwenye mkanda mmoja. Unatupa, unaanza moja.

Kwenye simu huwezi kurudisha mkanda, ila ukipandanisha vipande kwenye programu ya kuhariri na kuchagua mchanganyiko unaobakiza pikseli angavu, unapata jibu lile lile kwa kanuni ile ile. Nyeusi iwe nyeusi kweli. Kanga nyeusi iliyopauka haifai, itaonekana kama ukungu.

Mkanda35

Ongeza L'Homme à la tête en caoutchouc, kichwa kinachojazwa upepo kwa mvukuto. Kamera haikusogea hata kidogo. Méliès alikaa kwenye kiti chenye magurudumu, mwili wote umefunikwa nyeusi, akavutwa kwa kamba kuelekea kamera. Akisogea, kichwa kinakua.

Watu huuliza kwa nini reli ya kiti ilikuwa na mwinuko. Kichwa kimewekwa mezani, chini ya usawa wa lenzi. Kitu kilicho chini ya usawa wa lenzi kikikaribia, kwenye picha kinazidi kushuka, kwa hiyo kidevu kingetoboa meza. Kiti kikipanda kadiri kinavyokaribia, shingo inabaki kwenye mstari wa meza na ukuaji wote unaelekea juu na pembeni. Hiyo ni jiometri tupu, ilipigwa 1901.

MgeniWaJukwaa

Samahani wadau, mimi ni mgeni wa mada. Studio ilikuwaje? Taa zilikuwapo?

Shangazi Projekta

Karibu mgeni. Studio aliijenga kwenye uwanja wa nyumba ya familia Montreuil, nje kidogo ya Paris, ikawa tayari 1897. Kuta na paa ni vioo, kwa sababu taa kuu ni jua. Jukwaa lilifuata vipimo vya lile la Robert-Houdin. Muda mzuri wa kupiga ulikuwa kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Kabla ya hapo ni kujenga na kupaka rangi, baadaye ni maabara, usiku ni ukumbini. Taa za umeme za arki alizijaribu 1897 kumpiga mwimbaji Paulus, lakini kazi zake nyingi ni za jua.

La muhimu zaidi ni rangi za mandhari. Mkanda wa wakati ule uliona buluu na kidogo sana kitu kingine. Méliès mwenyewe aliandika kwamba buluu inakuwa nyeupe, na nyekundu, kijani na njano zinakuwa nyeusi. Kwa hiyo kila kitu kilipakwa kwa ngazi za kijivu: mapazia, meza, majabali, hata nguo. Na vipodozi vyekundu vya jukwaani vilipigwa marufuku, kwa sababu mdomo uliopakwa rangi nyekundu ungetokea kama shimo.

Mpinzani Halisi

Mnamsifia sana. Mbona ni mandhari ya kuchora tu, kamera imesimama pale pale, hakuna picha ya karibu? Wenzake Waingereza walikuwa wameshasogeza kamera.

Mkanda35

Ni kweli kamera haikusogea, na kuanzia 1905 hivi hiyo ilianza kumgharimu. Watu walitaka hadithi zinazokimbia mitaani. Ila usiseme "ya kuchora tu" bila kuangalia alichoweza kufanya nayo. Mwaka 1899 alipiga kesi ya Dreyfus, ofisa wa jeshi aliyesingiziwa uhaini, kwa sehemu kadhaa, uigizaji wa utulivu kabisa, huku kesi yenyewe ikiendelea kuigawa Ufaransa. Mwaka 1902 aliagizwa na Charles Urban, mfanyabiashara wa filamu wa London, kutengeneza kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, kwa kuwa kamera zisingeruhusiwa kanisani. Akaipiga Montreuil kabla ya sherehe. Mfalme akaugua kidole tumbo, sherehe ikasogezwa kutoka Juni hadi tarehe 9 Agosti, filamu ikiwa imeshakamilika na inasubiri tukio litokee.

Na usisahau filamu hizi hazikuonyeshwa kimya. Katalogi zake zilikuwa na maelezo ya kila onyesho, na msimulizi alisimama pembeni ya pazia akaeleza. Anayewajua DJ Afro na Lufufu hahitaji kuelezwa kazi hiyo.

Boharia

Naingilia na namba za katalogi, maana ndizo zinazosaidia kutambua nakala. Star Film iliuza kwa vipande vya karibu mita 20, na kila mita 20 ilipewa namba yake. Filamu ndefu ikachukua namba nyingi mfululizo. Cendrillon ya 1899 ni 219 hadi 224, namba sita, yaani mita 120. Le Voyage dans la Lune, ile ya mwezi wenye roketi jichoni, ni 399 hadi 411: namba 13, mita 260.

Mkanda wa milimita 35 una fremu karibu 52.5 kwa mita. Zidisha kwa 260 unapata kama 13,650. Gawa kwa 16 kwa sekunde: dakika 14 na sekunde chache. Kwa hiyo ukikutana na nakala mtandaoni yenye dakika 9 na ushee, wala usidhani imekatwa, pengine imeendeshwa kwa fremu 24 na ndiyo maana watu wanatembea kama wamekanyaga siafu. Ikiwa dakika 11 na mwendo ni wa kawaida, hapo ndipo uulize kipande kimekwenda wapi.

Shangazi Projekta

Boharia ametaja Voyage, basi na rangi. Nakala za rangi zilipakwa kwa mkono, fremu moja moja, kwenye karakana ya Bi Elisabeth Thuillier huko Paris. Alisema mwenyewe kwamba alikuwa na wafanyakazi wanawake zaidi ya 200. Kila mmoja alishika rangi moja tu, akamaliza nakala nzima na kuipitisha kwa mwenzake wa rangi inayofuata. Walitumia rangi za anilini zilizoyeyushwa kwenye maji kisha spiriti, angavu ili mwanga wa projekta upite. Rangi nzito inaziba mwanga, inatokea ukutani kama doa jeusi.

Fremu ina upana wa kama milimita 24. Brashi ikitoka nje ya ukingo kwa nusu milimita, kwenye pazia la mita nne hiyo ni zaidi ya sentimita nane. Ndiyo maana rangi kwenye nakala hizi inatetemeka kuzunguka nguo. Si ubovu wa utunzaji, ni mkono wa mtu.

Mpinzani Halisi

Sawa, nimekubali kidogo. Sasa kufilisika. Edison alimwibia, mwisho wa hadithi, au?

Mkanda35

Wizi ulikuwapo. Voyage ilimgharimu faranga kama 10,000 na miezi mitatu, fedha nyingi zikaenda kwenye mavazi ya Waselene, wale wa mwezini, waliochezwa na wanasarakasi wa ukumbi wa burudani wa Folies Bergère. Nakala nyeusi na nyeupe iliuzwa faranga 560, ya rangi 1,000. Piga hesabu: anahitaji kuuza 18 za bei ya chini ili tu arudishe mtaji, bila kuhesabu mkanda mbichi. Marekani, kampuni za Edison, Lubin na Selig zikatoa nakala za nakala bila kumlipa senti. Alizoea kuweka nyota ya chapa yake ndani ya mandhari, ila nyota haikumzuia mwizi.

Alijibu. Mwaka 1903 kaka yake Gaston alifungua ofisi New York, na nakala zikasajiliwa Maktaba ya Bunge. Ili apate negativu mbili, moja ya Ulaya na moja ya Marekani, alianza kupiga kwa kamera mbili ubavu kwa ubavu. Bila kukusudia akatengeneza picha mbili zenye pengo kama la macho mawili, na leo pale zilipookoka zote mbili zimeunganishwa zikatazamwa kwa kina.

Kwa hiyo wizi ulimuumiza 1902, lakini aliendelea kupiga filamu miaka kumi zaidi. Kilichomuua ni namna ya kuuza. Aliuza mkanda moja kwa moja, mnunuzi akaumiliki, na wateja wake wakubwa walikuwa watu wa maonyesho ya kuhamahama na kumbi za burudani. Mtu wa namna hiyo ananunua filamu moja na kuizungusha vijiji vyote mpaka matundu yachanike. Pathé, kampuni kubwa ya filamu ya Ufaransa, mwaka 1907 ikaanza kuelekea kukodisha: kumbi za kudumu, programu mpya kila wiki, nakala kwa mamia. Mkutano wa watengenezaji wa Paris, Februari 1909, ulikubaliana filamu zikodishwe kwa miezi minne tu. Na mwenyekiti wake alikuwa Méliès! Aliongoza kikao kilichowaondoa wateja wake sokoni, na hakufurahishwa na kipengele hicho.

Ongeza hapo mkataba wa Marekani wa 1908 na umoja wa watengenezaji wa Edison, uliomtaka apeleke futi 1,000 kwa wiki. Karakana inayopaka kila jabali kwa mkono haiwezi kutoa mita 300 za ubora kila wiki. Ndiyo maana filamu za miaka hiyo zinaonekana kama zimepigwa kwa haraka, kwa sababu ndivyo zilivyopigwa.

Boharia

Na pigo la mwisho ni la rehani. Baadaye alichukua fedha za Charles Pathé, dhamana ikawa nyumba na studio ya Montreuil, na Pathé akapata haki ya kuhariri. À la conquête du pôle ya 1912, yenye lile jitu kubwa la theluji linalomeza watu, ni ya mkataba huo. Ferdinand Zecca, mtu wa Pathé, aliikata sana Cendrillon mpya ya 1912. Mwaka 1913 mambo yakavunjika. Mwaka huo huo mkewe Eugénie akafariki. Vita vikaleta zuio la kukusanya madeni, kwa hiyo nyumba haikuchukuliwa hadi 1923. Mwaka huo pia ukumbi wa Robert-Houdin ukabomolewa kupisha barabara. Kwa hasira akachoma negativu zake.

Nakala nyingine zaidi ya 400 zilikuwa zimeshachukuliwa na jeshi wakati wa vita, zikayeyushwa kutoa madini ya fedha na seluloidi. Seluloidi ikatumika kwenye visigino vya viatu.

MgeniWaJukwaa

Viatu tena, lo!

Boharia

Ndiyo, viatu. Mwaka 1925 alimwoa Jehanne d'Alcy, wakaendesha duka la vitu vya kuchezea na peremende kituo cha treni cha Montparnasse. Waandishi wakamgundua huko. Desemba 1929 akafanyiwa usiku wa heshima Salle Pleyel, 1931 akapewa nishani ya Légion d'honneur, akikabidhiwa na Louis Lumière. Alifariki 21 Januari 1938. Kati ya filamu zaidi ya 500, zilizopatikana ni kama 200, nyingi kutoka kwa waliozinunua zamani. Ule uuzaji wa moja kwa moja uliomfilisi ndio uliozitawanya mpaka zikaokoka.

KijanaWaKamera

Na ile ya rangi ilipatikana wapi?

Boharia

Ilifika Filmoteca de Catalunya, Barcelona, 1993, ikiwa imegandamana kama tofali. Lobster Films ya Paris ikaibandua kidogo kidogo kwa mvuke wa kemikali, ikapiga picha kila kipande, kisha 2010 kompyuta zikaunganisha fremu 13,375. Ilionyeshwa Cannes Mei 2011. Linganisha na hesabu yangu ya 13,650 hapo juu.

Ukikuta mikanda ya zamani kabatini: ya milimita 35 ya kabla ya 1951 huenda ni nitrati, ambayo ikishika moto huizimi kwa maji wala mchanga, kwa kuwa inajitengenezea oksijeni yenyewe. Tazama ukingo: neno SAFETY maana yake si nitrati, ingawa neno hilo huweza kunakiliwa kutoka mkanda wa awali, usilitegemee peke yake. Picha ikigeuka rangi ya chai, ikanata na kunuka, usiilazimishe kufunguka wala kuiendesha kwenye projekta. Itenge, mahali pa baridi penye hewa, piga simu hifadhi ya nyaraka. Ya milimita 16, kama ile ya majaribio ya sinema ya Vugiri, Tanganyika, miaka ya 1935 hadi 1937, si nitrati. Hiyo adui yake ni kuoza kunakotoa harufu ya siki.

KijanaWaKamera

Nimeelewa. Ya kuanzia kutazama?

Shangazi Projekta

Namba 70 (Escamotage d'une dame), halafu 167 (Un homme de têtes), halafu 382 na 383 (L'Homme à la tête en caoutchouc), ndipo uende mwezini. Weka kasi ya fremu 16, na kila kinapobadilika kitu simamisha urudi fremu moja moja. Kiungo cha gundi mara nyingi kinaonekana kama mstari mwembamba kwenye ukingo wa juu au wa chini wa fremu.